Mraba wa Vieno

Kule kijijini Hietavaara, kaskazini ya mbali kwenye theluji, mtu atakuazima mashua yake, msumeno wake, hata sauna yake ya kuogea mvuke ukaipashe moto mwenyewe na kuni zake. Lakini usimwulize anachuma uyoga wapi. Ukimwuliza atakutazama kana kwamba umemwuliza mambo ya chumbani kwake, kisha atasema, "Huko huko msituni," na mkono wake utaonyesha upande ambao hajawahi kuutia mguu.

Vieno Karppinen alirithishwa mahali pake na mama mkwe wake, Lempi, vuli ile Lempi alipoona miguu haimbebi tena. Walikwenda wawili tu, polepole, yule mzee akimshika mkono mkaza mwanawe. Nyuma ya jiwe kubwa lenye umbo la ng'ombe aliyelala, penye kibonde chenye misonobari na miti michache ya gome jeupe, ardhi ilikuwa ya manjano kwa kantareli, uyoga mtamu kuliko wote. Vieno alipiga magoti akaanza kuchuma. Lempi alikwisha kukaa juu ya jiwe, anahema.

"Usimwambie Armas," alisema Lempi. "Ni mwanangu na ninampenda, lakini hana kifua. Akijua leo, kesho dukani wanajua wote."

Basi ikawa hivyo. Msitu ni wa Armas, karatasi ina jina la Armas, kodi analipa Armas, lakini uyoga wa manjano ulioota katika msitu wa Armas ulikuwa siri ya mkewe. Kila mwaka Vieno alitoka na ndoo asubuhi, akazunguka kwanza upande wa barabara ili kumpoteza yeyote anayetazama, na akarudi ndoo imejaa. Armas alikula uyoga uliokaangwa kwa siagi, akafuta sahani kwa mkate mweusi, akashukuru. Hakuuliza kamwe. Vieno alidhani ni adabu tu, maana kwingine kote mume wake alikuwa mtu wa kuuliza mpaka unachoka.

Mambo yaliharibika Juni ya mwaka mmoja, na yaliharibika kwa ajili ya ukarimu wa Armas. Alikuja mtafiti wa misitu kutoka mjini, mwanamke wa makamo aitwaye Kaisu, mpole, mwenye viatu vilivyochakaa vizuri. Alitaka kuazima vipande vidogo vya ardhi msituni. Kila kipande kingekuwa mraba uliozungushiwa utepe. Miraba mingine ingeachwa na theluji yake kama Mungu alivyoishusha, na mingine ingeondolewa theluji majira yote ya baridi. Kaisu alieleza kwamba theluji ilikuwa inachelewa siku hizi, ikija inakuja nyembamba, na watu wa kazi yake walitaka kujua vijidudu vya udongoni vitaishije siku blanketi hilo litakapokosekana kabisa. Armas alifurahi kuombwa. Akavaa kofia yake nzuri, akamzungusha mgeni msitu mzima, na popote Kaisu alipopapenda vijiti vilichomekwa.

Saa ya kahawa Vieno aliwafuata na chupa ya kahawa ya moto na mikate mitamu ya iliki. Akawakuta nyuma ya jiwe kubwa. Utepe mwekundu ulikuwa umezunguka kibonde chote, kama utepe wa fundi nguo kiunoni mwa mtu.

"Huu utakuwa mraba wa kuondolewa theluji," Kaisu alisema. "Kuna neno lolote, Vieno?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limefika kooni. Uyoga ulikuwa bado haujatoka, ardhi ilikuwa ya kijani na haimwambii mtu kitu, na kusema "sogeza utepe" kungekuwa sawa na kusimamisha bango. Tena mbele ya Armas, ambaye wakati huo alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, akazifunga kwa muda mrefu ajabu.

"Hakuna neno," Vieno alisema, akamimina kahawa.

Nimeishi na watu hawa miaka mingi na ninawapenda, lakini ukimya wao wakati mwingine unanitia hasira. Watu wengine wangegombana hapo hapo, wangepigiana kelele nusu saa, na utepe ungesogezwa. Huko Hietavaara walikunywa kahawa wakasifu iliki.

Baridi ilipoingia lilizuka jingine. Armas alikuwa ametoka kubadilishwa nyonga hospitalini na hakuruhusiwa kushika beleshi. Kazi ikamwangukia Vieno, na ikabaki yake hata miaka iliyofuata. Kila theluji ilipoanguka alivaa skii zake za kuteleza thelujini, akavuta kigari kisicho na magurudumu chenye beleshi, akaenda mraba kwa mraba. Kaisu alimfundisha aache tabaka jembamba chini asije akakwangua udongo, na kinachotolewa kitupwe mbali nje ya utepe. Vieno alikuwa mtu wa kazi safi. Alikuwa amefyeka theluji tangu utoto, mlangoni, ghalani, juu ya paa. Lakini kule nyuma ya jiwe kila alipotupa beleshi moja moyo ulimwuma, maana alijua nani amelala chini yake na kwamba ni yeye anayemvua blanketi.

Februari Kaisu alikuja na kekee ndefu ya kutobolea udongo. Hewa ilikuwa ya kukata pua. Katika mraba wenye theluji kekee iliingia taratibu, na udongo uliotoka ulikuwa laini, mweusi, una harufu ya pishi la viazi. Kaisu akauweka mkononi mwa Vieno.

"Wamo kazini humo," alisema. "Bakteria na kuvu. Theluji ikiwa nene, chini hapagandi sana, basi wanakula majani yaliyoanguka, kidogo kidogo, mpaka majira ya kuchipua. Na hizi nyuzi nyeupe ni za kuvu, uyoga ni tunda lake tu. Zinashikana na mizizi ya miti. Kuvu linaupa mti maji na chakula, mti unalipa sukari."

Kisha wakaenda nyuma ya jiwe. Pale kekee ililia, ikaruka, Kaisu akalazimika kuisimamia kwa uzito wake wote. Udongo ulitoka kama vipande vya matofali. Alieleza kwamba jalidi ikishuka hivyo mizizi myembamba inakatika, nyuzi za kuvu zinakatika, na vijidudu vingi vinapasuka na kufa. Theluji ikiyeyuka, vile vilivyobaki vinakula maiti za wenzao na kuzaana kwa kasi. Udongo unajaa chakula ghafla, miti bado imelala, na maji yanakizoa chakula chote yanakipeleka ziwani.

"Meza imeandaliwa, hakuna aliyeamka," Kaisu alisema, "na asubuhi vyombo vitupu."

Vieno aliitikia kwa kichwa. Katika maneno yote yale lililobaki kichwani mwake lilikuwa moja, kwamba nyuzi zinakatika. Uyoga wake ulikuwa tunda tu. Mti wake wenyewe ulikuwa zile nyuzi, na aliyekuwa akizikata ni yeye.

Vuli ya kwanza ndoo ilijaa bado. Iliyofuata ilifika nusu. Baadaye Vieno alianza kuchanganya na uyoga mwingine, wa kahawia, usiokuwa na siri wala ladha, ili sahani ya Armas isionekane tupu. Armas alikula, akafuta sahani kwa mkate, akashukuru vilevile. Mara moja alisema uyoga wa kahawia nao ni mzuri, na Vieno akatoka kwenda kufunga mlango wa ghala ambao ulikuwa umefungwa tayari. Alilia kidogo huko. Alijiambia ni upuuzi mwanamke mzima kulilia uyoga, halafu akamkumbuka Lempi juu ya jiwe anahema, akalia tena.

Angeweza kusema. Alilifikiria hilo kila alipokuwa anavaa skii. Lakini alikuwa ametoa neno lake kwa Lempi, na ukimya uliokaa miaka ni mgumu kuuvunja kuliko wa siku moja, kwa sababu sasa ilibidi aeleze na ile miaka. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alidanganya kazi. Pembe moja ya mraba, ile iliyoegemea jiwe, alianza kuiachia theluji. Hakuiacha yote, aliacha kiasi cha kumfunika mtoto mchanga. Sehemu iliyobaki aliifyeka kwa bidii zaidi, kana kwamba usafi wa huku ungefunika dhambi ya kule.

Hakujua kwamba Kaisu alikuwa amefukia vipimajoto katika pembe zote. Cha pembe ya jiweni kilionyesha joto lisilokuwa lake. Kaisu akakibadilisha. Kipya nacho kikaonyesha vilevile. Alikaa mezani kwa akina Karppinen na karatasi zake, amekunja uso, akauliza kama huenda kuna mnyama anayelala pale. Armas alilidaka swali hilo. Alieleza kwa kirefu habari za sungura wa theluji, jinsi anavyopenda kulala kwenye kivuli cha jiwe, jinsi anavyojizika, na joto la tumbo lake. Kaisu aliandika. Vieno alikuwa akiosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu, masikio yanawaka. Kumdanganya mtu mwongo ni rahisi, lakini Kaisu alikuwa mwaminifu, na alikuwa anaila mikate yake.

Kisha ukaja mwaka ambao theluji haikuja.

Novemba ilinyesha mvua. Desemba ilinyesha mvua. Usiku wa Krismasi watu walikwenda makaburini kuwasha mishumaa kama desturi yao, wakaiweka kwenye matope, na Vieno alilazimika kuutafutia mshumaa wa Lempi kijiwe cha kuukalia. Mbingu iligeuka baada ya mwaka mpya. Ikawa safi, buluu, nzuri kuitazama, na baridi kali ikashuka juu ya ardhi isiyokuwa na hata nguo ya kujisitiri. Bomba la kisima likaganda. Vieno alichukua beleshi kwa mazoea, akaenda kwa miguu, skii zingemfaa nini. Alisimama kati ya miraba. Iliyokuwa ya kuondolewa theluji na iliyokuwa ya kuachiwa ilikuwa kitu kimoja, na nje ya utepe vilevile, mpaka upeo wa macho. Alipiga ardhi kwa ncha ya beleshi, ikalia kama sahani ya bati.

Alikuwa na pembe yake moja ya kulinda na hakuwa na cha kuilindia. Akafanya kile wanachofanya kwa mawaridi ya bustanini na kwa makaburi mapya. Alikata matawi ya msonobari, mabichi, mazito, akayapanga pembeni pale tabaka juu ya tabaka. Alikuwa amepiga magoti anapachika tawi la mwisho aliposikia viatu nyuma yake.

Kaisu alikuwa amesimama na sanduku la vipimo mkononi.

"Kumbe sungura ni wewe," alisema.

Vieno hakusimama. Alitazama matawi. Armas naye alikuwa anakuja nyuma, anachechemea, na chupa ya kahawa kwapani, kwa sababu alikuwa ameona gari la Kaisu. Vieno akaona kwamba hata akingoja mpaka mume wake arudi nyumbani, hatapata tena saa iliyo nyepesi kuliko hii.

"Hapa ndipo mahali pangu pa uyoga," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake. Yalitoka madogo tu. Kaisu aliweka sanduku chini, akakaa juu ya jiwe, pale pale alipokuwa amekaa Lempi. Naye alikuwa mtu wa kaskazini huko huko. Mama yake alikufa na siri ya mahali pake.

"Miaka yote hii," Kaisu alisema. "Vieno, msitu wote huu. Ningeuweka utepe kule ng'ambo na kazi ingekuwa ile ile. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na mume wangu amesimama hapo?"

Armas alikuwa amefika. Alifungua kifuniko cha chupa, akakifunga tena.

"Mume wako anapajua," alisema.

Vieno alimgeukia.

"Tangu mwaka ule tuliooana," Armas alisema. "Ndama alipotea, nikapita huku, nikakuona umeinama na ndoo. Nikarudi njia nyingine."

"Na hukusema."

"Mtu hasemi anajua mahali pa mwenzake. Hata kama ni mkewe."

"Na siku ya vijiti je, Armas? Ukaacha tu wachomeke?"

"Nilifunga kamba za kiatu mpaka zikataka kukatika, nakungoja useme. Nawe ukasema hakuna neno."

"Na mambo ya sungura?"

"Ningesemaje sasa? Kwamba mke wangu anamwibia mtafiti?"

Hasira ilimpanda Vieno hadi akaangalia beleshi lilipo. Mama mkwe alisema hana kifua, na yeye akaamini, na dukani wote waliamini, kumbe mtu huyu mwenye maneno mengi kuliko redio alikuwa ameficha hili moja maisha yao yote ya ndoa. Kisha akacheka. Alicheka amekaa chini kwenye ardhi iliyoganda, mpaka machozi yakamtoka, na machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko tu. Armas alimpa kahawa. Hakujua la kumpa jingine.

Alipotulia alimwuliza Kaisu kama wakiiacha pembe ifunikwe, uyoga utarudi. Kaisu aligonga udongo ulioganda kwa kisigino. Alisema hajui. Alisema nyuzi za kuvu zikifa hapa zinaweza kuingia tena kutoka kwa jirani, kama jirani yu hai, na ndiyo sababu ile miraba mingine ilikuwa na maana. Akaitazama ile miraba mingine.

"Nilikupa beleshi unionyeshe majira ya baridi yatakayokuja," alisema. "Sasa yamekuja yenyewe."

Hakumgombeza. Alifanya kitu kigumu zaidi kwa Vieno, aliandika mbele yake ukweli wote, kwamba pembe ya jiweni ilifunikwa, na nani, na tangu lini, kisha akaongeza kipimajoto kimoja chini ya matawi, maana sasa alitaka kujua na hilo pia. Vipimo vya mraba ule visingeweza tena kuhesabiwa pamoja na mingine. Hilo nalo Kaisu alilisema wazi, na Vieno akalipokea.

Vuli ilipofika walikwenda wawili, Vieno na Armas, kwa njia iliyonyooka, bila kuzunguka upande wa barabara. Vieno alijiona kama yuko uchi. Mrabani hapakuwa na kitu. Kwenye ile miraba ya kuachiwa theluji, ambako zamani mtu angeona hapa na pale kichwa cha manjano, hapakuwa na kitu. Ila katika ile pembe, kati ya sindano kavu za matawi yaliyonyauka, uyoga ulikuwa umetoka, mdogo, mchache, wa manjano kweli kweli. Hawakuhitaji ndoo. Vieno alikata mkubwa akaacha mdogo, na wote alioukata ukaenea katika kofia ya Armas. Waliukaanga kwa siagi, wakaula juu ya mkate mweusi.

Kesho yake walikuwa dukani, kwenye meza ya kahawa iliyo karibu na dirisha. Wenzao wa kila siku walikuwepo. Tauno, mkata magogo mstaafu, aliuliza swali analouliza kila vuli, si kwa kutaka jibu bali kwa utamu wa kuusikia uongo.

"Haya Vieno, mwaka huu mmeupata wapi?"

Watu walitabasamu tayari. Armas alikoroga kahawa yake.

"Nyuma ya jiwe kubwa, kibondeni, mashariki ya lile ziwa dogo letu," Vieno alisema. "Umetoka wa kujaza kofia. Zamani nilikuwa nabeba ndoo."

Hakuna aliyecheka. Marjut mwenye duka aliacha kupangusa kaunta. Mmoja akatazama dirishani, mwingine akatazama viatu vyake, kama watu walioingia mlango usio wao na kumkuta mtu anavaa. Vieno alihisi uso wake unapata moto, lakini hakuyarudisha maneno. Alichukua kipande cha mkate wa iliki akakivunja.

Tauno alizungusha kikombe chake juu ya kisahani. Alikizungusha tena.

"Pangu ni chini ya mteremko wa kinu cha zamani," alisema, bila kumtazama mtu. "Hakuna kitu. Muda mrefu sasa. Huwa nanunua mjini, nakuja kuwaambia nimechuma."

"Hata pangu," alisema Marjut kutoka kaunta.

Kisha akachukua birika, akaja akawamiminia wote bila kuulizwa, akavuta kiti akakaa nao.